Mfupa Huu ni wa Nani?

Hivi majuzi niliketi na mzee mmoja mtaani Kipsongo, mjini Kitale. Mwanawe wa darasa la saba aligongwa na pikipiki, muundi ukavunjika na kupoteza kipande. Mzee alikuwa amekwisha kutia dole kwenye fomu ya hospitali, iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu. Akaniuliza: "Mwalimu, huo mfupa watakaomtia mwanangu ni wa nani?"

Aghalabu tabibu humega mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kutoka nyongani. Usipotosha, huweza kutumia wa mtu mwingine: ama marehemu aliyeridhia angali hai, ama mgonjwa aliyebadilishiwa nyonga, ambaye kichwa cha mfupa wa paja lake kingetupwa. Mtoaji hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha mfupa huhifadhiwa katika baridi kali. Mfupa huo haufufuki. Ni kiunzi tu. Chembe hai za mgonjwa hukikwea, zikakimumunya polepole na kujenga mfupa mpya mahali pake. Ndiyo maana kwa kawaida mgonjwa hahitaji dawa za kuuzuia mwili usiukatae, kama ahitajivyo aliyepewa figo. Wala jambo hili si geni: tabibu William Macewen alimpandikizia mtoto mifupa ya wengine mkononi, huko Glasgow, mwaka 1880.

Nilimweleza mzee hayo yote kwa Kiswahili. Katika Trans Nzoia, nani asiyejua kupandikiza miche? Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Wa mwanangu mwenyewe nakubali. Wa marehemu, sharti nishauriane kwanza na jamaa zangu."

Je, lile dole lilikuwa idhini ya nini basi? Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, akizingatia kiwango chake cha kisomo. Katiba ya mwaka 2010 nayo ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Hatuna upungufu wa maneno, wala wa sheria.

Walimu na wanafunzi, tuache kutafsiri hadithi peke yake. Tuzitafsiri fomu za idhini, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, tukishauriana na matabibu. Mzazi aulize swali lake kabla wino haujagusa dole.