Kidogo Kuliko Vyote, Kipana Kuliko Vyote: Rekodi Sita za Kunasa Metali Majini

Ukichota maji ya kisima pale Berega, wilayani Kilosa, ukayamimina kwenye glasi na kuyainua juani, macho yatakuambia jambo moja tu: yana tope au hayana. Risasi, zebaki na aseniki hazionekani, na kuchemsha maji hakuziondoi. Ili kuzikamata, wanasayansi wametengeneza vinasa vya chembe ndogo mno. Hizi hapa rekodi sita za kazi hiyo, na funzo lake kwetu tunaokunywa maji ya visima.

1. Windo dogo kuliko yote

Shirika la Afya Duniani linashauri aseniki isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji, na risasi vivyo hivyo. Jaza simtanki la lita 10,000. Aseniki yote inayovumilika humo ni miligramu 100, yaani moja ya tano ya dawa iliyomo kwenye kidonge cha paracetamol cha miligramu 500. Anayeiwinda hutumia chembe zinazopimwa kwa nanomita, ambayo ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 hivi.

2. Uso mpana kuliko zote

Kata mche wa sabuni vipande vipande. Uzito ni uleule, lakini nyuso zinazogusa maji zimeongezeka. Siri ya vinasa ni hiyohiyo, kwa kuwa metali hushika kwenye uso. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dresden, Ujerumani, walitangaza DUT-60, fuwele yenye vitundu vingi ambayo gramu yake moja ina uso wa mita za mraba 7,839. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Gramu moja tu inaufunika wote, na kubaki.

3. Sumaku ndogo, kazi kubwa

Wengi waliamini kuwa chembe ndogo kiasi hicho haziwezi kuvutwa bila sumaku kubwa ya gharama. Mwaka 2006 Cafer Yavuz, Vicki Colvin na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kuwa chembe za oksidi ya chuma, ndugu wa kutu, zilizokwisha kunasa aseniki huvutika hata kwa sumaku ya kushika mkononi.

Maabara nazo hutumia njia ya namna hiyo kupima. Unatia unga mweusi kidogo katika lita moja ya maji, unatikisa, kisha unaweka sumaku ubavuni mwa chupa. Unga unajikusanya upande mmoja kama siafu. Unamwaga maji, unausuuza unga kwa mililita 5 za asidi, na metali iliyokuwa imetawanyika katika lita nzima sasa imo katika mililita hizo 5 tu, imekolea mara 200. Hapo hata mashine ya kawaida ya kupima metali inaweza kuiona.

4. Maafa makubwa kuliko yote

Bangladesh ilichimba visima vya bomba kwa mamilioni ili kuwaokoa watoto na kuhara. Maji yalikuwa maangavu, na hakuna aliyeyapima aseniki. Mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani liliandika kuwa hayo ndiyo maafa makubwa zaidi ya watu wengi kupewa sumu katika historia. Abul Hussam, mkemia mzaliwa wa nchi hiyo, alibuni chujio la chuma na mchanga, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya dola milioni 1.

5. Mshindi wa kwanza Afrika

Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, ilikwenda kwa Mtanzania. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, mwana wa kijiji cha Gongali, Karatu, aliunganisha chujio la mchanga na chembe za nano zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa mahali, uwe metali nzito au floridi. Alipata pauni 25,000.

6. Ndoto kubwa kuliko zote

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Fritz Haber, mshindi wa Nobeli ya kemia, alitaka kulipa deni la vita la Ujerumani kwa dhahabu ya baharini. Baada ya miaka ya kazi aligundua kuwa vipimo vya zamani vilitia chumvi mno, na dhahabu iliyomo ni haba isiyolipa gharama. Hata gwiji huyo aliangushwa na kipimo kibovu.

Sisemi kwamba maji ya Berega yana sumu. Ninachosema ni kwamba hata Bangladesh hawakujua. Chujio halichaguliwi kabla ya kujua kinachochujwa. Ndugu msomaji, kikao kijacho cha chombo chenu cha watumiaji maji kikiitishwa, nenda ukaulize swali moja: maji ya kisima chetu yalipimwa metali lini, na majibu yako wapi? Kama hayapo, waombeni RUWASA, wakala wa maji vijijini, wawapimie.