Nguruwe mzima au mafuta yake tu?

(Sehemu ya pili)

Tangu sehemu ya kwanza ya makala haya itoke wiki iliyopita, swali lililonikaa kichwani limetoka kwa jirani yangu, mzee mwenye presha ambaye kliniki ilimwambia aache kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Alinisimamisha getini akaniuliza, "Mwalimu, niache nguruwe mzima au mafuta yake tu?" Nikamwomba asubiri gazeti, maana jibu lake halimaliziki kwa kusimama getini.

Kwanza neno kwa wale ambao imani yao imewakataza nyama hii, Waislamu na Wasabato miongoni mwao. Makala haya hayamshawishi mtu. Kirutubisho kikubwa nitakachokisifu leo kimo pia katika maharage, karanga na nafaka isiyokobolewa, kwa hiyo hakuna anayenyimwa afya kwa kushika dini yake. Ninawaandikia wanaokula tayari, na ambao wengi wao huagiza "kilo moja na ndizi" bila kuuliza kilo hiyo imekatwa wapi.

Kilo hiyo inapokatwa ndipo penye jibu. Kando ya uti wa mgongo, upande wa ndani, kuna kipande kirefu chembamba kiitwacho sarara. Msuli huo haufanyi kazi ngumu, hivyo nyama yake ni laini, na mafuta yake ni haba. Gramu 100 za sarara mbichi zina protini zipatazo gramu 21, mafuta gramu 2 hivi, na kalori kama 110. Sasa shuka hadi tumboni mwa nguruwe huyo huyo. Gramu 100 za nyama mbichi ya tumbo zina mafuta yapatayo gramu 53, protini gramu 9 tu, na kalori zinazopita 500. Kutoka kipande kimoja hadi kingine hapafiki hata mkono mmoja, lakini anayekula hiki na anayekula kile hawajala chakula kimoja.

Wengi huamini kwamba mwenye kuchunga moyo wake hana pa kukimbilia ila kidari cha kuku. Kidari kisicho na ngozi ni chakula kizuri, sibishi. Lakini vikiokwa vyote viwili, kila gramu 100 za kidari huwa na mafuta kama gramu 3 na nusu, na sarara ni vivyo hivyo. Kuku humzidi nguruwe kidogo kwa protini, gramu 31 kwa 26. Hata kolesteroli hazipishani sana. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji protini zipatazo gramu 48 kwa siku, kwa hiyo kipande cha sarara kinachojaa kiganja kinampa zaidi ya nusu.

Hata hivyo, protini tunaweza kuipata kwenye dagaa, mayai au choroko. Kinachomtofautisha nguruwe na wanyama wenzake wa buchani ni vitamini B1, ambayo wataalamu huiita thiamini. Gramu 100 za sarara iliyookwa zina takriban miligramu 0.95 za vitamini hiyo. Mwanamume anahitaji miligramu 1.2 kwa siku, mwanamke 1.1. Nyama ya ng'ombe ya uzito huo huo hutoa kama sehemu moja ya kumi tu ya kiasi hicho, na kuku hana cha kujivunia hapo.

Thiamini ndiyo inayouwezesha mwili kugeuza wanga kuwa nguvu. Anayekula wanga mwingi bila thiamini ni kama aliyejaza kuni jikoni akakosa kiberiti. Umuhimu wake uligunduliwa kwa njia ya kuku. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa kisiwani Java akichunguza beriberi, ugonjwa uliokuwa ukiwalegeza watu miguu na kuwadhoofisha moyo. Akaona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa wanapooza, na wakirudishiwa mchele wenye pumba wanapona. Kilichotupwa pamoja na pumba ndicho kilichokuwa dawa. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Nimekwenda hadi Java kwa sababu tunayoyafanya mashineni ni yale yale. Mahindi yakikobolewa yawe sembe nyeupe, sehemu kubwa ya thiamini hubaki kwenye pumba, na pumba tunampa nguruwe. Yeye huihifadhi ndani ya misuli yake, sisi tunakuja kuinunua tena kwa bei ya nyama! Mwenye kula dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ameshaokoa fedha hiyo.

Sifa zisitupofushe. Kwa madini ya chuma, sarara ni dhaifu: ina kama miligramu 1 tu katika gramu 100, chini ya nusu ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta. Vitamini B12 nayo ni kidogo kuliko ya ng'ombe. Mama mwenye upungufu wa damu asitegemee sarara.

Vilevile tusidanganywe na rangi. Mwaka 1987 wafugaji wa nguruwe wa Marekani walianzisha kampeni ya kuitangaza nyama yao kuwa ni nyama nyeupe nyingine, wakimwinda mteja wa kuku. Ilikuwa biashara, na biashara hiyo ilifaulu. Kisayansi nguruwe ni nyama nyekundu, kama ng'ombe na mbuzi. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani, na nyama za kusindikwa, yaani soseji, bekoni na hamu, katika kundi la vilivyothibitika. Ushauri unaotolewa na wataalamu wengi ni kutopita gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Nawajua watu wanaoimaliza hesabu hiyo Ijumaa jioni, kabla ndizi hazijaletwa mezani.

Mapishi nayo yanaweza kuharibu yote niliyoyaandika hapo juu. Kwenye mabanda yetu mnofu, ngozi na shahamu hukatwakatwa pamoja, kisha hukaangwa katika mafuta yanayojitoa yenyewe. Sarara ikitumbukizwa humo hutoka na mafuta ambayo haikuzaliwa nayo. Mpishi ana sababu yake: nyama isiyo na mafuta hukauka upesi, na mteja hulalamika. Dawa ni kuipika kwa moto wa wastani pamoja na nyanya na vitunguu, au kuichemsha. Ukiichemsha usimwage supu, kwa kuwa thiamini huyeyuka majini na sehemu yake imo humo. Wala usitie magadi ili ilainike haraka, maana magadi huiua vitamini hiyo. Iive hadi ndani, pasibaki wekundu.

Sasa nimrudie jirani yangu. Mzee wangu, acha tumbo, acha ngozi, acha soseji na bekoni, na kile kibakuli cha chumvi unachokisogeza karibu kila mara kirudishe kwa mwenyewe, maana kwa presha yako chumvi ni adui kuliko nguruwe. Sarara, kipande cha kiganja, mara moja au mbili kwa wiki, sioni kosa lake. Lakini mwoneshe daktari wako gazeti hili kwanza, kwa sababu yeye amekupima na mimi sijakupima.

Wiki ijayo tutazungumzia tegu, mnyoo wa nguruwe, na namna viluwiluwi wanaoanguliwa kutoka mayai yake wanavyofika kwenye ubongo wa mtu na kumletea kifafa, hata mtu ambaye hajawahi kuonja nyama hii. Wafugaji wa nguruwe waliweke gazeti hilo.