Bunduki inayolinda shamba na bunduki inayokula shamba

Wakati nilikuwa natayarisha memwari ya agronomia, nililala mwezi muzima ku shamba la Papa, tukilinda mihogo na mahindi. Silaha yetu ilikuwa bidoni tupu na fimbo. Nguruwe pori wakikuja tunapiga bidoni, wanakimbia, kisha saa nane ya usiku wanarudia upande mwingine. Asubuhi Papa anahesabu mistari iliyoangushwa, hasemi kitu. Siku moja niliwaza: kama tungekuwa na bunduki moja tu ya kuwinda! Njo pale nilianza kuelewa kwa nini Wamarekani wengi wanaona bunduki kuwa uhuru.

Kwao jambo hili limeandikwa ku Katiba. Rekebisho la Pili, la mwaka 1791, linalinda haki ya watu ya kuwa na silaha na kuibeba. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama Kuu yao ilisema haki hiyo ni ya mtu binafsi: anaweza kuweka bastola nyumbani ili ajikinge.

Nyuma ya sheria kuna namna ya kuishi. Mkulima anayekaa mbali na muji anajua polisi atachelewa kufika. Kule Alaska, familia nyingi za vijijini zinakula nyama ya porini zilizowinda zenyewe. Kule Texas, nguruwe pori wanaharibu mashamba sawa vile kwetu, na mwenye shamba anaweza kuwapiga risasi bila leseni ya kuwinda. Maana yake: mavuno yangu, watoto wangu, mimi njo wa kwanza kuvilinda.

Hata Weusi wa Marekani walijua bei ya kunyimwa uhuru huu. Kisha utumwa kuisha, sheria ya Mississippi ya mwaka 1865 iliwakataza walioachwa huru kushika bunduki bila kibali, na wengi walibaki mikononi mwa wenye kuwaonea. Mwaka 1892 mwandishi Ida B. Wells, akiona Weusi wanauawa na makundi ya watu bila hukumu, alishauri kila nyumba ya Weusi iwe na bunduki.

Lakini uhuru ule uko na hasara, na anayeupenda asiifiche. Mwaka 2021, watu zaidi ya 48.000 walikufa kwa risasi Marekani. Zaidi ya nusu walijiua wenyewe.

Sasa turudi kwetu. Wengine kati yetu wanasema: «Kila nyumba ipewe bunduki, vita itaisha.» Angalia vizuri neno «ipewe». Mkulima wa Texas alinunua bunduki yake kwa mafranga ya mavuno yake, hakuna komanda anayemudai kitu. Kwetu kijana anapewa bunduki, na aliyemupa njo anamutuma. Anaacha jembe. Kisha anakula wapi? Ku shamba la mama wa watu, ao ku barieri. Hiyo si kujitegemea hata kidogo. Ni kutegemea jasho la wengine kwa nguvu.

Sheria yetu ya mwaka 1985 juu ya silaha inaacha mlango mudogo: raia anaweza kuomba kibali cha silaha ya kuwinda, lakini silaha za vita si za raia. Na Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 190, inakataza kuunda vikundi vya vijana wenye silaha. Mimi ningependa mlango ule mudogo ufunguliwe kweli kwa wakulima wanaopakana na pori: bunduki moja, jina moja, mtu mumoja anayejibu juu yake.

Msimu uliofuata, sisi na majirani tulichimba mufereji kuzunguka mashamba, tukapeana zamu za usiku. Hasara ilipunguka. Siku moja nitaomba kibali kile, sioni haya kusema. Lakini mtu akiniletea bunduki ya bure, nitamuuliza kwanza maswali mawili: nani aliinunua, na itakula ku shamba la nani?