Jeraniamu na sakitu ya Nyanda za Juu Kusini

Mvua zikikatika mwezi Mei, baridi haikawii kushuka Mbeya na Iringa. Juni na Julai asubuhi ni za makoti mazito, na kule Makete, Mufindi na Umalila kuna siku majani huamka meupe kwa sakitu. Ndio msimu ambao mwenye vyungu vya jeraniamu barazani huona majani yakigeuka mekundu kingoni, akadhani ua lina kiu, akalimwagilia mpaka likaoza.

Ua hilo halina kiu. Jeraniamu tunazopanda kwenye vyungu na ndoo za rangi zilizotobolewa, ambazo wataalamu huziita Pelargonium, asili yake ni Afrika Kusini, na nyingi zimezoea ukame. Shina lake nene limehifadhi maji. Baridi ikizidi, mmea hupunguza kazi na mizizi hunywa kidogo sana. Udongo ukibaki umelowa, shina huanza kuwa jeusi kuanzia chini. Ukiliminya kwa vidole likabonyea, mizizi imeshakwenda.

Ulaya, ambako ardhi huganda kwa miezi, watu huzing'oa, wakakung'uta udongo na kuzining'iniza ghalani hadi baridi ipite. Sisi hatuhitaji kufika huko. Kinachoua huku ni usiku mmoja au miwili ya sakitu, pale maji yaliyo ndani ya jani yanapoganda na kulipasua. Sakitu hupenda usiku usio na mawingu wala upepo, na hewa baridi huteremka ikatuama bondeni. Nyumba iliyo chini ya mteremko hupigwa kabla ya iliyo juu.

Kwa hiyo chungu kihamie upenuni, kwenye ukuta unaotazama kaskazini. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Uingereza na husema kusini, lakini sisi tuko kusini ya Ikweta: mwezi Juni jua letu hupita kaskazini, na ukuta ulioota jua mchana kutwa hurudisha joto usiku. Punguza matawi kwa theluthi, acha mbolea, na umwagilie tu udongo ukiwa mkavu hadi kidole kinapofika. Usiku unaotisha, funika kwa gunia, siyo nailoni inayogusa majani. Vipande vizuri ulivyokata usivitupe: chukua kimoja chenye urefu wa kiganja, ukate chini ya kifundo, kiache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo.

Wanaotaka kuona mimea ikijihifadhi yenyewe waende Kitulo, uwanda wenye mwinuko wa mita zipatazo 2,600 ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na ambao ulitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Kati ya Desemba na Aprili jeraniamu za mwituni huchanua huko pamoja na okidi za aina zipatazo 45. Ukirudi Julai utakuta nyasi kavu za rangi ya kahawia. Lakini chini ya nyasi hizo okidi nyingi ziko hai, kila moja imejikusanya ndani ya kiazi kidogo, ikisubiri mvua za Novemba.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Viazi hivyo ndivyo vinavyopelekwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha viazi vya okidi vilivyotwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 kutoka Tanzania vililiwa huko kila mwaka. Siwalaumu wachimbaji, kwani vijijini pesa taslimu ni adimu. Ila okidi ikichimbuliwa huwa na viazi viwili: kimoja kimenywea, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu; kingine ni kigumu na kimejaa, ndicho cha mwaka ujao. Mchimbaji hukitupa cha kwanza na kuondoka na cha pili, na mahali pale mvua zikirudi hapachipui kitu, mpaka pengine mbegu, ndogo kama vumbi, ipeperuke kutoka kwa okidi nyingine iliyoachwa ikachanua.