Jina la Kituo na Kituo Chenyewe: Uundaji wa Mafaili Maalumu ya Vifaa katika Mfumo wa Unix

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi mafaili maalumu ya vifaa yanavyoundwa katika mfumo wa Unix, na hasa uhusiano uliopo baina ya jina la faili la namna hiyo na kifaa chenyewe. Uhusiano huo ni legelege kuliko unavyodhaniwa, na mfano wa kuudhihirisha unapatikana katika njia kuu ya misafara iliyotoka pwani hadi Ujiji kupitia Tabora.

Kigwa, ambayo siku hizi ni kata katika Wilaya ya Uyui, ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwisho kabla ya msafara kufika Tabora. Kwa mpagazi aliyetoka pwani, jina hilo lilimaanisha maji, chakula na mahali pa kutua mzigo. Stanley alipopita huko mwaka 1871 aliikuta Kigwa, sawa na Rubuga iliyoitangulia njiani, imeteketezwa kwa vita. Jina lilikuwa bado midomoni mwa viongozi wa misafara. Kilichokosekana ni wa kuliitikia.

2.0 Jina na Namba

Katika Unix, iliyoanza kubuniwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, vifaa vingi huonekana kwa programu kana kwamba ni mafaili, na majina yake huwekwa katika saraka ya /dev. Hata hivyo, faili la kifaa halihifadhi data yoyote. Pamoja na mmiliki na ruhusa zake, limebeba mambo matatu tu: aina, namba kuu na namba ndogo. Namba kuu hukijulisha kiini cha mfumo ni kiendeshi kipi kiitwe. Namba ndogo hukijulisha kiendeshi ni kifaa kipi kinachotakiwa miongoni mwa vile kinavyovisimamia. Katika Linux, kwa mfano, diski iitwayo /dev/sda ni 8 na 0, na sehemu yake ya kwanza ni 8 na 1. Amri ya ls -l huzionyesha namba hizo mahali ambapo faili la kawaida huonyesha ukubwa wake.

3.0 Uundaji

Amri inayohusika ni mknod:

mknod -m 666 /dev/null c 1 3

Tarakimu 666 huwaruhusu watumiaji wote kusoma na kuandika. Herufi c huonyesha kifaa kinachopitisha data kwa mfululizo. B ingeonyesha kifaa cha bloku, kama diski. Namba 1 na 3 ndizo za lile shimo lisilojaa, ambalo kila kiandikwacho humo hupotea. Mtu akiandika /dev/kigwa badala ya /dev/null, namba zikabaki zilezile, shimo ni lilelile. Kinyume chake, akiliita faili /dev/null huku akilipa namba 1 na 5, programu itakayolisoma itamiminiwa sifuri bila kikomo.

Aidha, mknod haiulizi kama kifaa kipo. Faili huundwa kimya kimya, na ni pale tu linapofunguliwa ndipo programu hujibiwa kwamba hakuna kifaa wala anwani ya namna hiyo. Hiyo ndiyo Kigwa ya mwaka 1871. Ila Kigwa iliwahi kuwa na watu, ilhali faili laweza kutaja kifaa ambacho hakijapata kuwapo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile isiyotoa taarifa. Faili la /dev/null likifutwa, programu ya mtumiaji mkuu itakayoelekeza matokeo yake huko itaunda faili la kawaida lenye jina hilohilo, na yaliyokusudiwa kupotea yatarundikana. Dawa ni kulifuta faili hilo la bandia na kuirudia amri iliyotajwa hapo juu.

Kwa kawaida ni mtumiaji mkuu peke yake aruhusiwaye kuunda mafaili haya ya vifaa, na sababu ni nzito. Lau kila mtu angeweza kuunda nyumbani kwake faili la aina b lenye namba 8 na 0, angeisoma diski nzima, pamoja na siri za wenzake, kwa kuwa ruhusa hulinda jina moja tu na si kifaa. Ndiyo maana saraka za watumiaji aghalabu hupachikwa kwa sharti la nodev.

Tangu mwaka 2009 kiini cha Linux kimekuwa na uwezo wa kuyaunda mafaili haya chenyewe kila kinapotambua kifaa. Pamoja na hayo, mknod bado inahitajika katika mifumo midogo na pale mafundi wanapouokoa mfumo ulioharibika.

4.0 Suala la Tafsiri

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulitafsiri maneno ayaonayo mtumiaji. Je, majina ya /dev nayo yangeweza kutafsiriwa? Kwa upande wa kiini hakuna kizuizi, kwani chenyewe husoma namba. Kizuizi kiko kwa programu, ambazo zimeandikwa zikitafuta jina la /dev/null na si jingine. Anayetaka jina la Kiswahili basi hana haja ya kulifuta la zamani. Amri ya mknod /dev/shimo c 1 3 yatosha, na majina yote mawili yatafika mahali pamoja.