'Nimeona' ya msimamizi ina maana gani?

MWANAFUNZI mmoja wa shahada ya uzamili alimwandikia msimamizi wake kwenye WhatsApp: "Prof, shikamoo. Nimetuma sura ya tatu na mwongozo wa mahojiano kwa baruapepe. Ukipata nafasi naomba uvipitie." Baada ya siku nne jibu likaja: "Sawa. Nimeona." Hata marahaba haikuwepo. Mwanafunzi alifurahi, akafunga safari, akaenda nyanjani kuwahoji walimu 40 kwa miezi miwili. Aliporudi ndipo alipogundua kwamba Prof alikuwa ameona arafa tu. Mwongozo wenyewe hakuwa ameufungua, na alipoufungua aliyakataa maswali sita kati ya kumi.

Mimi nilikuwa msimamizi wa pili, kwa hiyo sina haki ya kucheka. Sikuuliza lolote.

Kitenzi 'kuona' kina mzigo mkubwa katika Kiswahili. Tunaona kwa macho, lakini pia tunaona kwa akili: "Naona uanze na walimu wakuu" si habari ya macho, ni uamuzi. Prof alitumia maana ya kwanza, mwanafunzi akashika ya pili kwa sababu ndiyo aliyoitamani. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza kwamba mazungumzo huongozwa na Kanuni ya Ushirikiano, na mojawapo ya kaida zake ni ya wingi: toa habari za kutosha kulingana na haja iliyopo. "Nimeona" haikutosha. Pengo lililobaki lilijazwa na matumaini.

Hata hivyo, arafa ya mwanafunzi nayo ilikuwa na kasoro. Brown na Levinson, katika kitabu chao cha 1987 kuhusu upole, wanasema kwamba msemaji huzidisha unyenyekevu kadiri mamlaka ya msikilizaji, umbali kati yao na uzito wa ombi unavyoongezeka. Ndiyo maana wanafunzi wetu hupenda "ukipata nafasi". Ni heshima, sikatai. Lakini ni sentensi ya masharti isiyo na tarehe, na mhadhiri asiyepata nafasi hajavunja ahadi yoyote. Je, ni utovu wa adabu kuandika, "Prof, naomba maoni yako kufikia Ijumaa ijayo kwa sababu shule zinafungwa mwisho wa mwezi"? Siuoni. Kiambishi '-e' katika "unisaidie" kimekwisha kubeba adabu yote inayohitajika.

Aidha, kimya cha msimamizi si dharau kila mara. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa 2014 uliweka kikomo cha wanafunzi watano wa uzamili na watatu wa uzamifu kwa msimamizi mmoja. Hao ni watu wanane wenye rasimu, na bado kuna madarasa na mitihani ya kusahihisha. Naye mwanafunzi anayenyamaza huenda hajalala. Pengine kinasa sauti kimeharibika na anaona haya kusema mbele ya wenzake wa uzamifu.

Tangu kisa hicho, kikao cha kwanza cha kikundi changu hakianzi na nadharia. Tunakubaliana kwamba WhatsApp ni ya miadi na dharura, rasimu ni za baruapepe. Sura moja nina wiki mbili za kuisoma. Zikipita, mwanafunzi anikumbushe bila kuanza na "samahani kwa usumbufu". Ukosoaji mkali haufanywi kundini. Muhimu zaidi ni vitenzi vitatu: "nimepokea" maana yake faili imefika, "nimesoma" maana yake maoni yapo, na "nimeidhinisha" maana yake endelea. Hakuna anayekwenda nyanjani kabla ya kupata cha tatu, kwa maandishi. Wananitania nacho, bila shaka. Juzi nilipowaalika chai, mmoja alijibu, "Nimeidhinisha, Prof."

Ama walimu wale 40, ilibidi waombwe upya. Waliokubali kuhojiwa tena ni 26, na tasnifu ikaandikwa kwa hao.