LAU UGWENO INGALIBAKI MOJA

Asimamaye Kighare na kuitazama Milima ya Pare huona migomba, mashamba na mapaa ya bati. Si wepesi kukumbuka kwamba upande wa kaskazini wa milima hiyo palikuwa na dola kamili, nayo ni Ugweno.

Marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1969, ameeleza jinsi ukoo wa Washana, wahunzi wa chuma, ulivyopinduliwa na Wasuya yapata karne ya 16. Mtawala Mranga aliunda mabaraza, akaweka wakuu wa sehemu mbalimbali, na hata jando akalitia chini ya dola. Chuma cha Ugweno kilitafutwa hadi Uchagani.

Dola hiyo haikuvunjwa kwa vita vya siku moja. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa ilipopita bonde la Mto Pangani, kila mkubwa wa mahali alitaka kufanya biashara yake na kupata bunduki zake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wajerumani walipofika walikuta vipande tu.

Je, lau Ugweno ingalibaki moja, leo ingalikuwa taifa lenye bendera yake? Tutazame Lesotho. Nchi hiyo ya milimani, chini ya Mfalme Moshoeshoe, iliomba hifadhi ya Waingereza mwaka 1868, ikapata uhuru mwaka 1966. Jina na ufalme vilisalimika, lakini ardhi nzuri ya tambarare ilichukuliwa na Makaburu, na kwa miaka mingi wanaume wake walikwenda kuchimba dhahabu ya wengine katika Afrika Kusini. Yamkini Ugweno nayo ingalilipa gharama ya namna hiyo.

Hata hivyo, umoja uliopotea kwa watawala ulionekana tena kwa raia. Wakati wa Waingereza, Upare ulikuwa umegawanyika katika himaya ndogondogo. Machifu wakaleta kodi ya mbiru, iliyopima mali ya kila mtu. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupimiwa mali. Mwaka 1946 akina mama wa Usangi nao waliandamana. Mwaka 1947 mbiru ikafutwa.

Wazazi tulio mijini, watoto wetu wanapouliza asili yao, twaweza kuwasimulia habari za Mranga. Lakini tusiwanyime habari za wakulima wale na wake zao, waliosimama pamoja bila kumngojea mfalme awaunganishe. Taifa huru tulilolipata mwaka 1961 lilijengwa na watu wa namna hiyo.